Meza ya Saba

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Valdivia.
Mvua ya Julai imelala juu ya bati la Chumba cha Kumi na Mbili
tangu juzi, na haijageuka ubavu.
Wanaingia wakinuka moshi wa kuni na sufu mbichi.
Zimeni mitambo, nawaambia.
Leo kompyuta ni nyinyi.

Meza tisa, watu tisa, kalamu, vipande vya karatasi.
Hakuna kusema. Hakuna kukonyezana.
Kazi ni moja: kubalianeni mchana tule nini,
samaki au sopaipilla za boga.
Kidole kimoja hakivunji chawa, naam,
lakini nani aliwaambia vidole kumi
chawa yuko wapi?

Kwanza, saa ngapi?
Millaray anasema mbili na dakika saba.
Baltazar anaapa ni kumi na moja.
Saa ya ukutani ilikufa siku ya tetemeko la Machi
na hakuna aliyeizika.
Basi ya kweli ni ipi? Hakuna.
Barua hutumwa kabla ya kupokewa:
shikeni hilo, hilo tu,
mengine ni porojo za mishale.

Mimi ndiye mtandao.
Napita kati ya meza na kikapu cha mkate.
Hii naifikisha, hii naizungusha kwanza dirishani,
hii naichana mbele ya mwandishi wake
aliyeanza kulalamika, akakumbuka
kwamba kompyuta hazilalamiki.

Kisha meza ya saba inanyamaza.
Baltazar anaandika: *Upo?*
Anaandika tena: *Upo?*
Mara ya tatu ananyosha mkono.
"Profesa, Ismael amekufa."
Umejuaje?
"Hajibu."
Na asiyejibu amekufa?

Hapo ndipo chumba kiliposikia mvua.
Nikachora ubaoni watu wawili,
mmoja maiti, mmoja mzito wa mkono,
nikawafunika wote wawili kwa kanga ya chaki.
Kutoka ulipoketi, Baltazar,
sura yao ni moja.
Somo lote la muhula ni hili; yaliyobaki
ni nakala, na kura, na namna ya kuvumilia.

Wakaamua kuhesabu hadi mia, kimoyomoyo,
kila mtu kwa mwendo wake
(Millaray alimaliza wa kwanza, kama kawaida yake).
Asipojibu, tunaendelea.
Wengi wape.
Watano kati ya tisa: samaki.
Wakapiga meza kwa viganja, wakacheka,
wakavuta makoti.

Ndipo kipande chake kikanifikia,
kimekunjwa mara nne, chenye mwandiko wa mtu anayepima kila herufi:
*Sopaipilla. Samahani, nilikuwa bado nafikiri.*
Kawia ufike, wanasema,
ila hawasemi ukifika utakuta nini.
Nilimwonyesha matokeo ubaoni.
Akatikisa kichwa, akavaa kofia,
akawafuata kwenda kula samaki.

Nikabaki na daftari la mahudhurio.
Mwezi Mei hakuonekana wiki mbili.
Barabara ya Osorno ilikuwa imemezwa na maji,
simu yake haina chaji, mama yake mgonjwa,
nayo hayo niliyajua baadaye.
Wakati ule nilihesabu hadi mia yangu
nikamkata kwa wino mwekundu.
Aliporudi, wino haukutaka kufutika,
nikamwandika upya chini ya wote.

Kwa hiyo Ismael Huenchul yupo mara mbili:
mstari wa nne amekufa,
mstari wa kumi yu hai.
Majina kumi, watu tisa,
na mimi, mwalimu wa makubaliano,
nikiulizwa nusu ya darasa ni wangapi
nahitaji muda kidogo.